Kengele ya Mtaroni

Jumapili, 2 Machi

Leo nimeivunjavunja mashine ya kufulia ya jirani, kwa ridhaa yake. Ilikufa zamani, na yeye alikuwa ameigeuza meza ya kuwekea ndoo. Nilichokitaka ndani yake ni kidude kimoja tu cha mviringo kinachoenea kiganjani. Kina utando wa mpira kwa ndani na mdomo mdogo wa kuchomekea neli. Ukipuliza kwenye neli, hata taratibu kama unapoza chai, utando unainuka na swichi inalia "ta". Ukiacha, "ta" tena. Ndivyo mashine inavyojua maji yamefika wapi: yakipanda, yanaisukuma hewa iliyonaswa kwenye neli, na hewa inausukuma utando. Nimekaa jikoni napuliza mpaka mume wangu akauliza kama nimeamua kujifunza filimbi ukubwani.

Sababu ya yote haya ni baba mkwe. Anaishi chumba cha chini, ambacho sakafu yake iko chini ya uchochoro na mlango wake unashukiwa kwa ngazi. Mvua za mwaka jana mtaro ulifurika mchana, sisi wawili tuko kazini, maji yakamwingilia. Mume wangu aliporudi alimkuta amekaa juu ya meza na redio mapajani, viatu vinaelea. Jirani alikuwepo kwake muda wote, ukuta kwa ukuta. Tulipomuuliza Baba kwa nini hakuita, alisema hakutaka kumsumbua mtu. Tangu siku hiyo nyonga yake imezidi kuuma.

Mume wangu na dada yake wamekata shauri: maji yakiingia tena, hata mara moja, mzee anahamia kwetu juu na ule mlango wa chini unazibwa kwa matofali. Baba amelisikia, akashuka kwake. Kule chini ana mlango wake mwenyewe, meza yake ya drafti, na kinyozi wa mtaani anayekuja kila mchana kushindwa. Huku juu atakuwa mgeni wa mkwewe. Namwelewa, ingawa sijawahi kumwambia. Mimi na baba mkwe tunaheshimiana sana, yaani hatuongei.

Mume wangu ameshachonga ubao wa kuziba mlango, na kwa kweli ni mzuri. Tatizo ni kwamba maji yakishafika mlangoni ubao hauingii tena. Lazima mtu ajue mapema. Sasa maji hujaa kwanza kwenye shimo la mwisho wa uchochoro, pale mtaro wetu unapokutana na ule mkubwa. Ninataka shimo lenyewe litupigie kengele.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga duka mapema. Mimi ni fundi wa miwani, na leo wateja walikuwa wachache, wote wamekalia miwani zao. Nikaenda kwa muuza vipuri vya redio ambaye mtaa mzima unamwita Hakuna Shida, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Nimemwambia nataka vibodi viwili vidogo, kimoja cha kutuma habari hewani na kimoja cha kupokea. Waya sitaki. Baada ya mafuriko ya mwaka jana nilitandaza waya mpaka shimoni. Panya wakala nusu, mkokoteni ukakata iliyobaki. Nikamuuliza kama vibodi vyake vitapita ukuta wa matofali. Hakuna shida. Vitaishi kwa betri ndogo msimu mzima? Hakuna shida.

Ijumaa, 7 Machi

Shida ipo.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikuwa nimeigeuza betri. Mwanamke anayefunga skrubu zisizoonekana kwa macho ameshindwa kutofautisha chanya na hasi. Baada ya hapo kila kitu kiliitika: nikipuliza neli jikoni, kengele inalia sebuleni. Kibodi cha shimoni nimekipa jina la Mtumaji, cha ndani Msikilizaji. Mume wangu, ambaye anaendesha gari la mkate na anaamka mapema kuliko kuku, amelala katikati ya majaribio yote. Sasa najua kengele inahitaji sauti kubwa zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Betri ya Mtumaji imekufa. Sikuwa hata nimemtoa nje; alikuwa kabatini hana kazi yoyote.

Nimeiwekea mita na kuelewa. Mtumaji anakaa macho muda wote akijiuliza kama swichi imelia. Anakula betri kwa wasiwasi tu, namna ninayoijua mimi mwenyewe. Inabidi alale, alale kabisa, na swichi ndiyo imwamshe: "ta", anashtuka, anatuma, anarudi kulala. Usingizini atakula kidogo sana, na betri itavuka msimu.

Jumapili, 16 Machi

Mtumaji analala. Nimempima na mita yangu karibu isione kitu. Nimefurahi kama mama aliyefanikiwa kumlaza mtoto.

Msikilizaji ndiye kazi. Umeme wa mtaani unakatika mvua ikianza tu, kwa hiyo na yeye ni wa betri. Lakini msikilizaji akilala atasikiaje? Nimemfanya awe mlinzi mzoefu: anasinzia, anafumbua jicho kidogo, anasikiliza, anasinzia tena. Na Mtumaji akiamka lazima aite kwa muda mrefu kuliko ule usingizi, ndipo atasikika. Imekubali.

Halafu likaja jambo lililoninyima raha mchana kutwa. Mtumaji aliyelala na Mtumaji aliyekufa wote wako kimya. Nitawatofautishaje? Nimemfundisha atume neno moja kila asubuhi, "nipo", na taa ya kijani kwa Msikilizaji iwake kidogo.

Jumapili, 23 Machi

Tumefunga. Yaani nimefunga mimi; mume wangu alishika ngazi na kutoa nasaha.

Bomba nimelisimamisha ndani ya shimo, mdomo chini kabisa, kwenye kile kidimbwi ambacho hakikauki, ili niyawahi maji yakianza tu kupanda. Kutoka juu ya bomba neli nyeusi inapanda ukutani mpaka kwenye mkebe wa plastiki, na humo ndimo analala Mtumaji na swichi yake, mifuniko yote imepakwa gundi isiyopitisha maji. Nilikuwa na matope mpaka kiunoni. Baba alitoka akaketi kwenye kiti chake uchochoroni, akatazama kazi tangu mwanzo mpaka mwisho pasipo neno. Nilikuwa nasikia macho yake mgongoni, nikakosea kufunga kamba mara kadhaa.

Msikilizaji amewekwa chumbani kwa Baba, juu ya meza ya drafti. Mume wangu ndiye aliyempelekea na kumweleza: ikilia, weka ubao mlangoni, kisha panda kwetu juu kwa ngazi ya ndani. Alirudi na ujumbe kwamba Baba anashukuru sana na Mungu anizidishie. Ndivyo tunavyozungumza humu ndani. Mume wangu anasema na yeye anastahili kuwekewa betri.

Jumanne, 25 Machi

Manyunyu asubuhi, jua mchana. Nimemtuma mume wangu aulize. Jibu: inafanya kazi vizuri sana.

Ijumaa, 28 Machi

Jua. Inafanya kazi vizuri sana.

Jumapili, 30 Machi

Mvua ya usiku, si haba, ila shimo halikujaa hata nusu. Leo nimekutana na Baba uchochoroni, nikamwamkia, akaitika, akaniombea afya. Nilitaka kumuuliza kuhusu taa ya kijani lakini tayari alikuwa ameniambia yote kupitia mwanawe: vizuri sana.

Jumatano, 2 Aprili

Vizuri sana.

Ijumaa, 4 Aprili

Niseme kweli, hili "vizuri sana" limeanza kunikera. Hakuna kifaa nilichowahi kutengeneza kikafanya kazi vizuri sana. Hata miwani ninazotengeneza kwa riziki yangu, mteja hurudi kusema sikio moja linauma. Huyu mzee alikuwa mpiga chapa maisha yake yote, mtu wa kuona herufi moja iliyopinda kwenye ukurasa mzima, leo hana hata neno moja la kukosoa. Nimemwambia mume wangu kwamba baba yake ananiona nachezea vitu. Akasema nina kisirani. Nikasema kisirani chenyewe amekioa yeye mwenyewe, naye akaendelea kula.

Jumapili, 6 Aprili

Redioni wanasema mvua kubwa zinakuja. Nimefua mapazia yote, sijui kwa nini.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeketi kuandika kabla hata ya kuvua viatu.

Leo kinyozi kaja dukani. Skrubu ya miwani yake ilikuwa imelegea, kazi ya kufumba na kufumbua. Nikiwa nimeinamia lenzi, akaniuliza kwa furaha kabisa kama ile kengele nimeipangia ilie mchana kwa makusudi. Nikamuuliza kengele gani. Akasema, ile ya Mzee, inayolia kila jua likiwa kali, wao wakiwa katikati ya drafti. Niliiweka bisibisi chini.

Nikamwambia aeleze yote, na hakuhitaji kubembelezwa, ni kinyozi. Ilianza siku ya pili tu tangu niifunge. Kengele ililia, wakashtuka, wakaweka ubao mlangoni, Mzee akaanza kupanda ngazi na nyonga yake mbovu. Kinyozi akachungulia nje: jua linawaka, uchochoro mkavu. Kesho yake tena. Mara ya tatu Mzee akaichukua, akaiviringisha ndani ya taulo, akaiweka kwenye droo chini ya mashuka, na kuendelea na mchezo. Tangu hapo ndiyo desturi. Kila mchana inaingia droo, kila jioni kabla mume wangu hajarudi inatolewa na kuwekwa mezani kama bibi harusi.

"Nilimwambia amwambie mkwewe," kinyozi akasema. "Akanikataza. Akasema, funika kombe mwanaharamu apite. Msichana wa watu kahangaika kwenye matope, mimi ndiye nimwambie kitu chake hakifai?"

Nilimrudishia miwani yake. Nadhani sikumwambia hata asante.

Mvua za hapa zinanyesha mchana na alasiri. Mwaka jana maji yaliingia mchana. Na mchana ndio wakati kengele yangu imefungwa taulo ndani ya droo, na mtu mwenye masikio ya uzee anacheza drafti pembeni yake. Kabla sijatengeneza chochote walau angekuwa anachungulia nje. Sasa ana kifaa, kwa hiyo hachungulii. Nimemfanya awe katika hatari zaidi kuliko alivyokuwa, nami najisifu kwa betri isiyokwisha. Kinyozi hajinyoi, na fundi wa miwani, kumbe, haoni mbele ya pua yake.

Nimemkasirikia Baba, nimejikasirikia mimi, nimemkasirikia na mume wangu ambaye hana kosa. Kesho nitashuka mwenyewe.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeshuka.

Kwa miaka yote niliyoolewa humu sijawahi kubisha mlango wa baba mkwe nikiwa peke yangu. Nilisimama nje nikapiga hodi kwa sauti ya mtu anayedaiwa. Kinyozi alikuwepo, akaniona, akakumbuka ghafla kwamba ana mteja. Baba alihangaika kuinuka kwa ajili yangu, nikamsihi asiinuke, akainuka. Nilibaki karibu na mlango.

Nilimuuliza kengele iko wapi. Akatazama meza, na meza ilikuwa na drafti peke yake. Akaenda kwenye droo taratibu, akatoa taulo, akalikunjua kana kwamba ndani yake kuna yai.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mkwe wangu? Nilikuona pale shimoni siku nzima umeinama, matope mpaka kiunoni, kwa ajili yangu mimi. Nikuambie haifai? Nilikuheshimu."

"Heshima hii itakuzamisha, Baba."

Lilinitoka kabla sijalipima. Nikadhani nimevuka mpaka na kwamba kesho nitakuwa habari ya ukoo mzima. Alikaa kwenye kiti chake, akaiweka kengele magotini.

"Na wewe je," akasema. "Kwa nini hukuja kuniuliza? Kila siku unamtuma mwanangu. Yule ukimtuma chumvi analeta sukari."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Na yeye akacheka, akikohoa. Kisha akanionyesha kiti cha kinyozi nami nikakaa, na tukaongea. Nimewahi kumwona huyu mzee kama mtu wa baridi, wa kutazama tu bila neno. Leo nimegundua siku ile uchochoroni alikaa pale kwa sababu aliogopa niteleze na hakuna mtu wa kunishika, maana mwanawe alikuwa anaangalia simu. Ameniambia hivyo yeye mwenyewe.

Nikamuuliza inalia lini hasa. Alijibu bila kusita. Siku za jua tu. Siku za mawingu hailii hata mvua ikiwa imenyesha usiku. Huanza jua likiwa utosini, linapopiga ule ukuta. Kivuli kikifika ukutani, inanyamaza. Yote hayo alikuwa nayo kichwani muda wote, na mimi nilikuwa napokea "vizuri sana".

Nilitoka nikaenda shimoni na kugusa neli. Ilikuwa inaunguza. Neli nyeusi, ukuta wenye jua, mdomo wa bomba umezibwa na kidimbwi: hewa ya ndani inapata moto, inavimba, haina pa kutokea, inausukuma utando. "Ta." Kwa swichi, jua na mafuriko ni kitu kimoja. Pupa yangu ya kuyawahi maji ndiyo iliyoharibu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeomba ruhusa kwangu mwenyewe na kufunga duka. Bomba nimelipandisha ili mdomo wake ukae juu ya kidimbwi, wazi, hewa ipumue. Jua likipasha, hewa inatoka zake. Maji yakipanda kweli, yanaufunga mdomo ndipo kazi inaanza. Nimepoteza dakika chache za kuwahi, nimepata kengele isiyodanganya. Neli nimeifunika kwa kipande cha bomba jeupe. Taulo nimelichukua nikalifua.

Jumapili, 13 Aprili

Majaribio. Tumeziba shimo kwa gunia, mume wangu na jirani wanamimina ndoo, Baba kwenye kiti chake anaamrisha: polepole, maji ya mvua hayaji kwa ndoo moja. Kengele ikalia ndani, wakati maji yako chini kabisa ya ukingo. Baba akaagiza turudie. Tukarudia mpaka mume wangu akasema mgongo wake ni wa mikate, si wa maji. Ililia kila mara.

Jumanne, 15 Aprili

Jua kali kuliko siku zote. Kimya.

Ijumaa, 18 Aprili

Asubuhi nasikia fimbo inagonga chini ya sakafu ya jikoni. Nikashuka. Baba: taa ya kijani haijawaka leo. Kweli, kishikio cha betri ya Mtumaji kilikuwa kimelegea. Nimekikaza nikaenda kazini nikiwa nimechelewa, na furaha tele.

Jumatano, 23 Aprili

Nimeoga, nimebadilisha nguo, nimekunywa chai ya moto. Sasa naweza kuandika.

Asubuhi ilikuwa nzuri kiasi cha kunitia shaka. Karibu na adhuhuri mbingu ikawa nyeusi upande mmoja, kisha upande wote, kisha ikamwagika. Haikuwa mvua ya kuanza kwa matone. Dukani sikuweza kumsikia mteja aliye mbele yangu. Umeme ukakatika papo hapo. Nilipiga simu ya Baba, haipatikani. Ya kinyozi, haipatikani. Ya mume wangu iliita mara moja. Alikuwa amekwama na gari la mkate nyuma ya lori, barabara imegeuka mto, akasema nisitoke, kisha akapotea.

Nilitoka. Nimejifunga mfuko wa plastiki kichwani, viatu mkononi. Watu wamejibanza chini ya mabati wananitazama kama mwendawazimu. Njia nzima nilikuwa nafanya mtihani kichwani. Taa ya kijani leo iliwaka? Iliwaka, Baba aligonga mara moja, ndiyo ishara yetu. Gundi ya mkebe itashika? Je, takataka zikiziba mdomo wa bomba? Je, kinyozi hakuja leo, ubao ni mzito, atauinua peke yake na ile nyonga? Nilimfikiria amekaa juu ya meza, hataki kumsumbua mtu. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na simu yangu ilikuwa kimya njia nzima. Niliomba kwa sauti, na mvua ilikuwa kubwa hata mimi mwenyewe sikujisikia.

Nilipokata kona ya uchochoro wetu nikasimama. Maji yalikuwa magotini, mekundu, yanakimbia na makopo na matawi. Ngazi za kushuka kwa Baba zilikuwa hazionekani. Nilisogea nikishika ukuta. Kwenye mlango, ubao. Umeingia kwenye mfereji wake barabara, pembeni umeshindiliwa matambara na mifuko, na maji yanaulamba yakirudi nyuma. Niliita pale mlangoni, "Baba! Baba!" Hakuna aliyejibu. Nikasema pengine ameweka ubao akaanguka nyuma yake.

Nikazunguka kwa mlango wetu wa juu. Nikaingia jikoni.

Walikuwa mezani. Kinyozi amevua shati, amejifunga taulo langu. Baba amekaa kwenye kiti changu, suruali imekunjwa, miguu juu ya stuli, na drafti katikati yao, wameshaanza. Msikilizaji yuko juu ya jokofu analia bado, na hakuna anayemjali.

"Imelia?" nikauliza. Ni swali la kijinga, ilikuwa inalia.

"Imelia, mwanangu," Baba akasema. "Tukachungulia, mvua haijaanza kwetu, uchochoro bado mkavu; kumbe mtaro mkubwa umeshaleta maji ya kule juu. Huyu akasema ni jua. Nikamwambia jua liko wapi, beba ubao."

Ngazi ya ndani ameipanda kwa makalio, kinyozi akimsukuma, kidato kwa kidato, anasema hakuna aliyeona hivyo hakuna aibu. Kabla ya kupanda walishindilia matambara yote. Nilitaka kusema kitu cha maana. Badala yake nilikaa sakafuni na maji yangu yote, nikalia kama mtoto. Kinyozi akatazama dari. Baba akaniacha nilie kwanza. Kisha akaishusha miguu yake kutoka kwenye stuli, akanisukumia stuli kwa fimbo, akasema sakafu ina baridi.

Mume wangu alifika jioni, amelowa, ana mikate miwili iliyolowa pia. Alitazama kila mmoja wetu, akahesabu kwa macho, kisha akaiweka mikate mezani. Tulishuka pamoja na tochi. Sakafu ya Baba ilikuwa kavu, isipokuwa ulimi mdogo wa unyevu karibu na mlango. Mume wangu akauelekezea tochi, akasita. Baba akaita kutoka juu ya ngazi kwamba hilo ni jasho la ubao.

Alhamisi, 24 Aprili

Asubuhi nzima mtaa mzima uko nje na mafagio. Wifi yangu amepiga simu, simu ikawekwa sauti ya wazi mezani. Akauliza: maji yaliingia au hayakuingia? Mume wangu akamtazama baba yake, akanitazama mimi, akasema hayakuingia. Wifi akauliza kama ana hakika. Akasema ameona kwa macho yake, Mzee anabaki kwake, na kama kuna matofali aliyonunua ajengee banda la kuku. Baba alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Aliendelea kupaka ingawa siagi ilikuwa imeshaenea.

Alirudi chini kabla ya adhuhuri, kwa mlango wake.

Nikiwa naosha vikombe nikasikia fimbo inagonga sakafu. Haikuwa mara moja, ile ya taa ya kijani. Iligonga na kugonga. Nilishuka mbio mikono ina povu, nikaingia bila hata hodi. Alikuwa amekaa mezani, mzima, Msikilizaji mbele yake.

"Nikuambie ukweli?" akasema.

"Niambie, Baba."

"Sauti yake mbaya. Kama mbuzi kabanwa mlangoni. Halafu hainyamazi. Jana tumeshaweka ubao, tumeshapanda, bado inatupigia kelele, nimefungwa mchezo mzima kwa sababu yake. Hukuiwekea mahali pa kuizima. Ulikuwa unafikiria nini?"

Ni kweli. Sikuwahi kufikiria mtu atakayeisikia na kutii. Nilisimama pale na povu likinidondoka kwenye viwiko, nimefurahi kiasi cha kutaka kumshika mkono. Nikamwambia nitaweka kitufe, na sauti nitaibadilisha. Nikamuuliza kama kuna kasoro nyingine.

Akasema zipo nyingi, nivute kiti.